Chai ya Lori la Dizeli

Vijana wa gereji, siku mliyoniaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani, mkaniomba niwaandikie jinsi nilivyoanza. Blanketi nalitumia. Saa haina kazi, maana mstaafu hana anakochelewa. Vyeo na mishahara sitavigusa: vyeo vilichelewa kuja, mishahara iliwahi kuondoka, na yote hayo mtayaonja wenyewe. Nitaandika juu ya mafuta. Leo mnajaza dizeli huku mkipiga soga, lakini kulikuwa na wakati katika nyanda hizi ambapo dereva bora niliyepata kumjua nusura apoteze usukani wake, kwa sababu tu hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba kila mafuta yana injini yake.

Nilianza kazi Iringa mjini, mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka Kalenga, nimeoa karibuni, na najua kusoma, kuandika na kuziba pancha ya baiskeli. Tajiri wetu alikuwa Mzee Karim, mwenye malori ya mizigo yaliyokwenda na kurudi kati ya Iringa na Mbeya. Fundi mkuu aliitwa Sanga, Mkinga mfupi wa maneno machache, aliyejifunza injini jeshini wakati wa vita. Siku ya kwanza nilifika na viatu nilivyovipiga rangi vikang'aa. Fundi Sanga aliviangalia kwa huruma, akanipa karai la petroli na kabureta iliyojaa uchafu.

"Osha," akasema. "Ukimaliza, unionyeshe tundu dogo kuliko yote."

Nilihangaika nalo mpaka jua likawa kali. Nilipolipata, lilikuwa tundu ambalo hata sindano ya kushonea ingekataa kupita. Fundi akaniambia lori zima na mzigo wake linaishi kwa tundu lile. Injini ya petroli, alieleza, inavuta hewa kupitia kabureta, na hewa ikipita kwa kasi inanyonya petroli kidogo kidogo kutoka kwenye tundu hilo. Mchanganyiko unaingia ndani ya silinda, pistoni inaubana kiasi, halafu plagi inapiga cheche, nao unalipuka na kuisukuma pistoni chini. "Petroli ni mwepesi wa hasira," akasema, "lakini inangoja cheche." Wakati ule nilidhani ni maneno ya kupamba tu.

Madereva wa petroli walikuwa watu wa mila zao. Walichuja mafuta kwa kofia kuukuu za sufu, wakiamini kwamba kofia ya mzungu huchuja vizuri zaidi. Wakipanda mlima mkali kwenye joto, petroli ilichemka ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye injini na gari likazimika, kwa hiyo walifunga tambara bichi juu ya pampu ya mafuta na kulimwagia maji kila baada ya kona chache. Na mila iliyozishinda zote ilikuwa moto. Hapakuwa na sigara, wala jiko, wala kibatari karibu na lori. Utingo aliyewasha kiberiti karibu na tangi alirudi kwao kwa miguu.

Kesi ya kwanza niliyoachiwa peke yangu haikuwa ya lori. Lilikuwa trekta la shamba moja la tumbaku nje ya mji, la aina iliyotumia mafuta ya taa. Lilikuwa na tangi dogo la petroli ya kuwashia na tangi kubwa la mafuta ya taa ya kufanyia kazi. Dereva wake alinipokea kwa furaha.

"Hili trekta limebarikiwa," akasema. "Sijaongeza oili siku nyingi, na kila nikichomoa kijiti cha kupimia naona oili imepanda. Linajitengenezea!"

Nilichomoa kijiti nikanusa. Kilinuka kibatari. Mafuta ya taa ni mavivu kugeuka mvuke. Yanahitaji injini ambayo imeshapata moto. Ndugu yangu yule alikuwa anabadilisha tangi mara tu injini inapoitika, ikiwa bado ya baridi, na mafuta yasiyoungua yalikuwa yakiteremka pembeni mwa pistoni hadi kwenye oili. Oili ilikuwa nyepesi kama maji ya kunawa. Nilipomwambia kwamba baraka yake ilikuwa mbioni kuvunja injini, alininunia, hata pombe ya ugimbi aliyonikaribisha awali hakuileta. Fundi Sanga aliposikia habari hiyo alicheka, jambo ambalo halikuwa la kawaida yake. "Mafuta hayana ubaya," akasema. "Ubaya ni kuyapa kazi isiyo yao."

Kisha yakaja malori ya dizeli. Mzee Karim alinunua matatu, akatangaza kwamba ya petroli atayauza moja moja. Tuliyazunguka kama watu wanaokagua mahari. Yalikuwa mazito. Kichwa cha injini, ambacho kwenye petroli nilikibeba kifuani, hapa kilitutoa jasho watu wawili. Kila kitu kilikuwa kinene: ukuta wa silinda, fito za pistoni, hata boliti. Na hapakuwa na plagi wala kabureta. Mahali pavyo palikuwa na pampu ya chuma yenye mabomba membamba, inayosukuma dizeli kwa nguvu kupitia nozeli hadi ndani ya silinda.

Lori la kwanza alipewa Mzee Lutengano. Huyu alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyo, mrefu, mpole, ambaye alikuwa ameendesha petroli tangu mimi nachunga mbuzi. Aliweza kusikia plagi moja mbovu kati ya sita huku anakula muhogo. Nilimpenda, nasema wazi, alikuwa mtu mzima wa kwanza mle gerejini kuniita kwa jina langu badala ya "wewe." Siku ya kwanza aliliendesha lile dizeli hadi sokoni na kurudi, akazima kwa ufunguo, akauchomoa, akashuka. Injini ikaendelea kunguruma. Akautazama ufunguo mkononi mwake, akalitazama lori.

"Fundi!" akaita. "Hii gari imekataa amri!"

Fundi Sanga akavuta kamba ndogo iliyo chini ya dashibodi, ile inayokata mafuta, na injini ikanyamaza. "Haina cheche, kwa hiyo ufunguo hauna cha kuzima," akasema. Tulicheka sana, na Mzee Lutengano alicheka kuliko sote. Hakuna aliyeona kwamba pale pale ndipo alipohitaji kuelezwa jambo zima. Tulimwonyesha kamba tukamwacha aende.

Kipupwe kilipoingia, lori lake likaua pampu. Tuliifungua tukakuta vyuma vya ndani, ambavyo huteleza kwa kubanana sana, vimekwaruzika vikavu. Tukafunga mpya. Kabla baridi haijaisha, na hiyo ikafa vile vile. Malori mengine mawili yalikuwa mazima, ingawa madereva wake walikuwa wazembe wasiochuja hata mafuta. Hilo ndilo lililomkera Mzee Karim.

"Wazembe wawili, gari zao nzima," alituambia mimi na fundi. "Hodari mmoja, gari yake inakufa. Ama uhodari umekwisha, ama ananiharibia kusudi. Pampu ya tatu ikifa, atashuka, hapandi tena gari yangu."

Kurudi kwenye petroli hakukuwapo, maana lori lake la zamani lilikuwa limeshauzwa. Mzee Lutengano alizipokea habari hizo amesimama, kofia mkononi. Baadaye aliniambia, kwa sauti ndogo, kwamba kwao Tukuyo wanawe wanaitwa "wa dereva," na hajui wataitwaje akishuka. Nililala vibaya wiki ile.

Nilizichunguza pampu zote mbili sikupata jibu. Zilinuka petroli, lakini kila kitu mle gerejini kilinuka petroli, kwa sababu vyuma vyote tuliviosha kwa petroli. Ndipo Fundi Sanga akaniambia nipande na Mzee Lutengano safari nzima hadi Mbeya, nimwangalie kila anachofanya, na nisiseme kitu.

Tulilala Sao Hill. Anayepajua Sao Hill mwezi wa saba hahitaji kuelezwa. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda, na vidole vyangu havikukunjika. Mzee Lutengano alishuka akisugua mikono, akatoa debe nyuma ya kiti, akafungua tangi la dizeli, akamimina. Nilisikia harufu kabla hajamaliza. Ilikuwa petroli.

"Mzee, unafanya nini?" Nilisahau kwamba nimeambiwa ninyamaze.

"Nampa chai," akajibu bila kujificha. "Baridi hii hata mimi siamki bila chai. Hii dizeli yenu imelala, nzito kama asali. Nikimchanganyia petroli kidogo anachangamka."

"Na anachangamka kweli?"

Akafikiri. Alikuwa mkweli siku zote. "Mwanzoni alichangamka. Siku hizi ananisumbua. Basi namwongeza."

Jibu nilikuwa nimelipata, na jibu lenyewe lilikuwa mkononi mwa mtu ninayempenda.

Tuliporudi Iringa nilimweleza Fundi Sanga. Nilitegemea atafoka. Badala yake aliomba visahani viwili, kiberiti na pampu ya baiskeli, akamwita Mzee Lutengano nje, mbali na malori. Kwenye kisahani kimoja alitia matone ya petroli, kwenye kingine dizeli. Akarusha njiti inayowaka kwenye petroli, ikalipuka fuu. Akarusha nyingine kwenye dizeli. Njiti ikazama ikazimika.

"Ona sasa!" Mzee Lutengano akasema. "Si ndiyo nasema? Ipi nyepesi kushika?"

"Kwa kiberiti, petroli," fundi akakubali. Akampa pampu ya baiskeli. "Ziba hapa kwa kidole, usukume. Kwa nguvu. Tena. Tena."

Mzee Lutengano alisukuma, halafu akaachia ghafla akipuliza kidole. "Inaunguza!"

"Hakuna kiberiti hapo. Ni hewa imebanwa tu. Ndani ya injini ya dizeli hewa inabanwa mara nyingi zaidi ya hapo, inakuwa moto wa kuchoma chuma, halafu pampu inapuliza dizeli ndani yake, inawaka yenyewe. Ndiyo maana chuma chake ni kinene hivyo. Kingekuwa chembamba kingepasuka. Sasa petroli imetengenezwa ivumilie kubanwa. Ikibanwa inangoja cheche. Na humu cheche hamna. Kwa hiyo ukiitia humu inakuwa mgeni anayekaa mlangoni, hawaki wala hapishi wenzake."

Mzee Lutengano alikitazama kidole chake. "Kwa hiyo kila nilivyomwongeza chai..."

"Ulizidi kumlaza. Na si hilo tu. Pampu ile haina oili ya kuilainisha ndani. Dizeli yenyewe ndiyo oili yake. Petroli inaosha, inakausha. Chuma kinasagana na chuma." Fundi akainua visahani vyake. "Wale wazembe hawakuua pampu kwa sababu hawakujali kama gari lao linaona baridi. Wewe ulijali."

Nilidhani mambo yamekwisha. Yalikuwa yamebaki mengi. Dawa ya baridi ile, fundi alisema, ni joto: karai la makaa lisukumwe chini ya injini, oili ilainike, na chuma kipate uvuguvugu. Mzee Lutengano aliposikia hivyo alirudi nyuma hatua moja.

"Moto chini ya gari? Hapana. Nisameheni, wakubwa. Hapana."

Akatueleza, na nilikuwa sijawahi kumsikia akieleza, kwamba kijana aliyeanza naye udereva aliungua na lori lake barabara ya Chimala, kwa sababu ya sigara. Yeye ndiye aliyemfunika kwa matandiko. Tangu siku ile hajaruhusu hata moshi karibu na gari. Fundi Sanga hakubishana. Alimwambia tu kwamba tumeshaosha tangi, hamna hata tone la petroli mle, na visahani amejionea mwenyewe.

Safari iliyofuata Mzee Karim alisema atapanda mwenyewe. Alikuwa ameelezwa habari ya chai, akasema haamini maelezo, anaamini gari. Likikataa kuwaka njiani, ufunguo ataupokea papo hapo, na lori litaletwa Iringa na dereva mwingine. Mimi nilipandishwa juu ya mzigo pamoja na utingo. Tulilala tena Sao Hill, maana Mungu akitaka kukupima hakupeleki Pawaga kwenye joto.

Alfajiri sakitu ilikuwa nene. Mzee Karim alishuka amejifunga blanketi hadi masikioni. Mzee Lutengano alikaa kwenye usukani, akapiga stata. Injini ilizunguka polepole, ikahema, ikakataa. Akapiga tena. Safari hii ilizunguka kwa uchovu zaidi, na mimi nikajua betri inakwenda. Tukiimaliza, ndiyo basi. Injini nzito kama ile huiamshi kwa hendeli.

Wenyeji tuliolala kwao walikuwa wameshawasha moto wa kuotea. Nikachukua karai, nikaanza kuchota makaa. Nilisikia mlango wa lori ukifunguliwa.

"Kalinga," Mzee Lutengano akaniita. "Acha."

Nikafikiri amekata tamaa. Alinijia, akalichukua karai mikononi mwangu. "Gari ni yangu," akasema. "Na kama ni kuungua, niungue mimi."

Akatembea na moto ule kuelekea kwenye lori, hatua fupi fupi, midomo ikisema kitu kwa Kinyakyusa ambacho nilijua ni sala. Akapiga magoti kwenye nyasi za sakitu, akalisukuma karai chini ya injini kwa mti. Hakukimbia. Alibaki pale amechuchumaa, macho kwenye makaa, mpaka oili ilipoanza kutoa uvuguvugu na mimi nikaweza kuweka kiganja kwenye chuma bila kukiondoa kwa baridi. Mzee Karim alikuwa ameacha kulalamika baridi.

Alipolitoa karai akalipeleka mbali kabisa, akanawa mikono, akapanda, akapiga stata. Injini ikazunguka mara moja, mara mbili, ikagonga kama mtu anayebisha hodi kwa rungu, ikatoa moshi mweupe, kisha ikashika. Ikanguruma. Utingo alipiga kelele. Mimi nililia, na sikuona haya, na leo pia sioni.

Tulifika Mbeya tukiwa na mzigo mzima. Kwenye mpando wa kuelekea Uyole tulilipita lori la petroli limesimama, dereva wake anamwagia maji tambara la pampu. Sisi tulipanda taratibu kwa gia ndogo, moshi mweusi kidogo nyuma kwa sababu huko juu hewa ni haba, lakini hatukusimama. Dizeli haina haraka, ila ina mabega. Tuliposhusha mizigo Mzee Karim alimwambia Mzee Lutengano maneno mafupi: "Malori mengine yanakuja. Madereva wote wa petroli nawaleta kwako, uwafundishe wewe."

"Ndaga, tajiri," akajibu, yaani asante. Kisha akaenda nyuma ya lori akakaa huko kidogo peke yake.

Somo lake la kwanza nililishuhudia pale gerejini Iringa. Madereva walikaa kwenye mapipa, wengine wakubwa kwake kwa umri, nyuso zimekunjamana kama watu walioletwa kliniki kwa lazima. Walikuwa wamesikia uvumi wote. Fundi Sanga alimshauri aanze na visahani. Mzee Lutengano alikataa. Alitoa pampu mbili zilizokufa, akaziweka mezani mbele yao, akavua kofia.

"Hizi niliziua mimi," akasema. "Kwa mkono wangu, kwa kupenda gari. Ninyi hapo hamjaua hata moja. Ndiyo maana mwalimu ni mimi. Sogeeni karibu mzione."

Wakasogea.